Tulipoyapigia Mafuriko Makofi

Yule bwana wa hali ya hewa nilimdharau kabla hajafungua kinywa, na nalisema hilo mwanzo ili msomaji ajue mizani yangu imelalia upande gani. Aliletwa kijijini kwetu, chini kidogo ya mji wa Garsen, kwa gari la serikali. Aliposhuka alikunja suruali hadi karibu na magoti, na ardhi yenyewe ilikuwa kavu kama unga. Nadhani alikuwa ameambiwa kuwa watu wa Tana wanaishi matopeni. Pengine alikuwa na sababu nyingine, sikumwuliza. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na nusu ya darasa hilo nilikuwa shambani nafukuza ndege, kwa hiyo dharau yangu haina cheti. Ilikuwa dharau tu.

Mwaka ulikuwa wa tisini na saba, kabla ya vuli. Redio ilikuwa imeanza kulitaja lile jina, Elninyo, na kila mtu akilitamka alivyojaliwa. Kaka yangu alilitamka kama jina la mchezaji mpira. Jirani yetu aliuliza huyo Elninyo ni wa chama gani, maana uchaguzi ulikuwa karibu na wageni wote wa mwaka ule walikuwa wakija kuomba kura. Nilimcheka, ingawa na mimi sikuweza kumweleza ni nini.

Baraza lilifanyika uwanjani pa shule. Sisi wakulima tulikaa mbele, chini, na wafugaji wakasimama nyuma wakiwa wameegemea fimbo zao, kama kawaida yao. Bwana yule alitundika karatasi kubwa yenye picha ya dunia, na katikati ya bahari palikuwa na ulimi mwekundu. Akasema hiyo ni bahari ya mbali, upande wa pili wa dunia, na kwamba maji yake yamepata joto kuliko desturi. Bahari ile ikipata joto, upepo hupoteza njia zake uliozizoea, na mvua iliyokuwa ya watu wengine huja kwetu.

Mzee mmoja wa kwetu alimwuliza: tangu lini moto ukawashwa kwa jirani, ugali ukaiva kwangu? Watu tukacheka sana. Bwana alisubiri tumalize, akasema ndivyo hasa ilivyo, kwamba anga ni chungu kimoja cha wote. Siku ile niliona ni jibu la mtu aliyebanwa. Leo nikilifikiria naona lilikuwa jibu zuri, na mzee wetu ndiye aliyekuwa amesema upuuzi. Lakini vicheko vilikuwa vya mzee.

Kisha akatundika ramani ya mto. Hapo ndipo tulipommaliza. Ramani yake ilikuwa imeuweka mto nyuma ya kijiji, mahali penye migomba yetu. Mto wa Tana huhama. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mto ulipita pale zamani, ukachoka, ukajichimbia njia nyingine. Kaka akainuka na kumwuliza kwa adabu yote kama yeye bwana alikuja kwa gari au kwa mtumbwi, maana kwa ramani ile alikuwa ameuvuka mto bila kulowa. Bwana akaikunja ramani. Uso wake ulikuwa umebadilika, nami nilifurahi kuuona.

Ili amalize, akasema neno aliloagizwa kulisema: "Kwa hiyo, wananchi, tarajieni mafuriko."

Tukampigia makofi.

Si makofi ya kumkejeli. Ya kejeli yalikuwa yamekwisha. Haya yalikuwa makofi ya kweli, na akina mama wawili watatu wakapiga vigelegele. Yule bwana akatutazama kama mtu aliyetangaza msiba akapewa hongera.

Inabidi nieleze, maana hata wajukuu wetu wanaokaa Mombasa hawaelewi. Kwetu sisi tunaolima bondeni, mafuriko si balaa. Mafuriko ni mgeni anayengojewa. Mto unajaa, unamwagika ukingoni, maji yanapanda polepole hadi kwenye mashamba ya mabondeni, yanakaa, kisha yanarudi mtoni na kutuachia tope jeusi linalonuka uzima. Mpunga wetu wa zamani ulijua kazi hiyo. Unaupanda na mvua za kwanza, chini kabisa, na maji yakija unarefuka pamoja nayo, shingo daima juu. Bila mafuriko hakuna mpunga. Na tangu yalipojengwa mabwawa ya umeme huko juu, mto ulikuwa unatufikia umekonda, na mwaka baada ya mwaka tulikuwa tukikaa ukingoni tukiyangoja mafuriko kama watu wanaongoja posa. Sasa amekuja mtu wa serikali, mwenye karatasi, akasema yanakuja. Nani asingepiga makofi?

Maji ya kuangamiza tuna jina lake pia. Hayo ni gharika. Mafuriko hubisha hodi. Gharika huvunja mlango. Lakini gharika bwana hakulitaja, na sisi hatukumwuliza, maana tulishaamua kuwa ndiye mjinga pale uwanjani.

Wafugaji hawakupiga makofi. Kwao neno lile lile lina maana nyingine kabisa: ng'ombe anazama, kwato zinaoza, mbung'o wanaamka. Walizungumza kwa Kiorma muda mfupi, wakaondoka, na haikupita wiki wakaanza kuwapeleka ng'ombe kwenye nyanda za juu, mbali na mto. Sisi tulisimama ukingoni tukiwatania, kwamba wanaikimbia mvua kama paka. Yaani tangazo moja, uwanja mmoja, na nusu ya watu wakapanda juu na nusu tukateremka chini. Sijasoma kitabu cha tabia za dunia, lakini nadhani hilo lingefaa kuandikwa humo.

Mama alikuwa na rafiki wa upande wa wafugaji, mwanamke wa makamo kama yeye. Walikuwa wakibadilishana tangu ujana wao, huyu maziwa, huyu ndizi na mchele. Kabla hawajahama alipita kuaga. Akamkuta mama anaanika mbegu.

"Wewe napanda wapi hii?" akauliza.

Mama akamwonyesha kwa kidevu kule bondeni, shamba la chini kabisa.

"Huko? Mama, maji hapana cheka na mtu."

Mama akamwambia maji yakimcheka mfugaji, mkulima anavuna. Wakacheka wote wawili, wakapeana mikono. Rafiki alisema kama ana kitu cha kuweka, ampe, watakipeleka juu na vyombo vyao. Mama akasema hana. Nami nilikicheka Kiswahili cha yule mama alipoondoka, kana kwamba changu kilitoka Lamu.

Sasa niiseme hiyo mbegu, maana ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa debe moja. Ni mpunga wa ukoo wa marehemu baba, punje fupi, nyekundu kidogo ukiimenya, na ukipikwa jirani wa tatu anajua. Miaka ya ukame tulikula mahindi ya msaada, tukala matunda ya porini, lakini debe lile halikuguswa. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa zimekula mbegu zao na kubaki zikiomba. Nyumba yenye mbegu yake ni nyumba. Isiyo na mbegu ni watu tu wanaolala pamoja. Mama alikuwa mjane, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na duka, mwanawe wa kiume hakuwa na kazi. Alikuwa na debe lile, na kwa debe lile aliongea na mtu yeyote akimtazama usoni.

Na desturi ni kwamba mbegu haipandwi yote. Unabakisha kiasi, unakitundika juu ya meko, moshi ukilinde. Kila mtu alijua hivyo. Kaka naye alijua. Lakini kaka alikuwa amepiga hesabu yake: mafuriko makubwa yanakuja, tena ya kuhakikishwa na wataalamu, na shamba lote la chini litapata maji kwa mara ya kwanza tangu baba afe. Kwa nini tulipande nusu?

"Mama, mara hii si ndoto za wazee," alisema. "Mara hii ni sayansi."

Mama yangu ni mtu ambaye hakuwahi kumwamini bwana shamba, wala bwana afya, wala daktari wa meno. Mtu wa serikali akimwambia kumekucha, alitoka nje kuangalia. Na siku ile, katika maisha yake yote siku hiyo moja, akaamini. Sijui kwa nini. Labda alikuwa amechoka kungoja. Akasema haya, pandeni yote. Mimi sikuulizwa, na ili niwe mkweli, ningeulizwa ningesema hivyo hivyo.

Tukapanda. Mvua zikaanza, mbegu zikachipua kijani cha kutia wazimu. Mto ukajaa, ukamwagika kwa adabu, ukapanda polepole kama zamani, na mpunga ukanyoosha shingo. Kaka alitembea kijijini kama mtu aliyeileta mvua mwenyewe. Jioni wazee walikuwa wakiimba. Hata mimi nilianza kumheshimu yule bwana na suruali yake.

Kisha mvua hazikusimama. Zilinyesha hapa, na zilinyesha huko juu milimani mto unakozaliwa, na rangi ya maji ikageuka kutoka ya chai kuwa ya damu ya kale. Watu walisema mabwawa yamejaa na yamefunguliwa. Huenda. Sikuwepo huko, na nimewahi kumsikia mtu mwingine akisema bila mabwawa maji yangefika mapema zaidi na kwa hasira zaidi. Sijui nimwamini nani. Ninachojua ni kwamba sote tulikuwa tumekesha tukiutazama mto uliokuwa mbele yetu, na maji yakatujia kwa nyuma.

Yalikuja asubuhi, yakipita katikati ya migomba, kwenye ule mkondo wa zamani. Mto ulikuwa umekumbuka njia yake. Yalipita pale pale ramani ya bwana ilipokuwa imeuweka, kama yameisoma. Nilisimama nimeshika sufuria nikilitazama jambo hilo, na kwa dakika nzima nilichokisikia si hofu bali aibu.

Tulitoka kwa mtumbwi wa jirani, mama, kaka na mimi, na kuku waliokubali kukamatwa. Tulipita juu ya shamba. Nasema juu. Maji yalikuwa yamepanda haraka kuliko mpunga ungeweza kurefuka, na shingo zake zote zilikuwa chini huko, gizani. Mama alitia mkono majini, akauvuta nje, akaupangusa kwenye kanga.

Garsen tulikaa kwenye kipande cha ardhi iliyoinuka, na barabara ya Malindi ilikuwa imezama, hakiingii kitu wala hakitoki. Helikopta zilikuja. Ziliangusha magunia ya mahindi, na mengine yalipasuka, tukaokota punje matopeni pamoja na kuku. Waliwasili waheshimiwa waliokuwa wakigombea viti, wamevaa buti mpya za mpira, na kila mmoja alitaka apigwe picha akimpa mzee kibaba. Mzee mmoja alipewa kibaba kile kile mara tatu, maana mpiga picha hakuridhika, na mara ya tatu mheshimiwa akasahau kukiacha. Niliwadharau wale watu kwa moyo wangu wote, na nilikula mahindi yao kwa mdomo wangu wote. Pia nakiri kwamba rubani mmoja aliteremka penye upepo mbaya kumchukua mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na huyo hakupigwa picha na mtu.

Na yule bwana wa hali ya hewa akaja. Alikuja na helikopta moja, amevaa suruali ndefu ya kawaida, sasa matope yanamfika mashavu ya miguu na hakuikunja. Alikuwa akiuliza watu maswali. Alipofika kwetu alimwamkia mama shikamoo, akachuchumaa, akamwuliza, kwa upole lakini kwa sauti ya mtu aliyeumia:

"Mama, si niliwaambia mafuriko yanakuja?"

"Uliniambia," mama akasema. "Ndiyo maana nikapanda."

Hakuelewa. Kaka akamweleza, haraka haraka, mpunga, tope, shamba la chini, makofi. Bwana alisikiliza. Niliuona uso wake ukielewa, polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha aliyoisahau. Akauliza sasa angesema nini.

"Ungesema gharika," mama akamwambia.

Akasema karatasi aliyopewa imeandikwa mafuriko, na kwamba nchi nzima inasomewa neno moja. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayelitaja jina la ugonjwa wake. Mama akageuza uso. Mimi niliendelea kumdharau kwa siku kadhaa, kwa bidii, lakini dharau ilikuwa haishiki vizuri. Mtu yule alikuwa sahihi kuhusu bahari, sahihi kuhusu mvua, na ramani yake ilikuwa imeujua mto kuliko tulivyoujua sisi tunaounywa. Kosa lake lilikuwa neno moja, na neno lenyewe tulilimeza sisi wenyewe kwa makofi.

Basi dharau nikaihamishia kwetu. Maana pale kambini kila mtu alikuwa akisema hatukuambiwa. Yule mzee wa ugali alisema hatukuambiwa. Wanawake waliopiga vigelegele walisema hatukuambiwa. Kaka, aliyekuwa na sayansi, alisema serikali ilituficha. Niliwatazama mmoja mmoja, watu wangu, nikaona nisiseme.

Maji yalipoanza kurudi, tulirudi. Nyumba ilikuwa imebaki nguzo. Lakini bondeni, jamani, lile tope. Sijaliona tope la namna ile kabla wala baada. Jeusi, nene, limetandazwa hadi kwenye miti kama mtu amemwaga uji. Ni tope ambalo tulikuwa tumeliomba tangu yale mabwawa, na lilikuwa limekuja, lote, na mama yangu alisimama mbele yake mikono mitupu.

Msaada ulileta mbegu za mahindi zilizopakwa unga wa dawa wa rangi ya waridi, na onyo la kutozila. Kaka akasema tupande hizo. Mama alikishika kifuko, akakinusa, akakirudisha. Akasema kesho tunakwenda Ndera.

Ndera anakaa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Mama na wifi yake huyo hawakuwa wakizungumza vizuri tangu arusi. Mama alimwita bahili, na alikuwa bahili kweli. Mwanamke aliyeficha chumvi mgeni akiingia. Kila msimu alipanda kidogo sana, huku akilalamika kwamba mpunga mwingi ni sadaka ya ndege. Mbegu zake alizijaza kwenye vibuyu, akaviziba kwa nta, akavifunga kwenye paa la nyumba, juu kabisa, mahali ambapo hata wakwe zake wasingefika bila ngazi. Hakuhudhuria baraza lolote. Hakujua habari za bahari wala za Elninyo. Nasisitiza hilo, maana baadaye watu walianza kusema shangazi aliona mbali. Hakuona chochote. Maji yaliingia kwake pia, yakachukua kila kilichokuwa chini. Paa likabaki, na uchoyo wake ukabaki umening'inia salama.

Tulikwenda kwa mtumbwi, kisha kwa miguu, penye mashimo mama akinishika bega. Shangazi alitukalisha, akatupa maji, akaita wakaza wanawe wote waje kusalimia. Nilijua kwa nini aliwaita.

"Wifi," akasema walipokwisha kukaa, "nasikia kwenu mafuriko yalipigiwa makofi."

Mama akasema ndiyo.

"Na wewe ulipiga?"

Hapo ndipo nilipotamani kuondoka. Mama angeweza kusema alikuwa nyuma, hakusikia vizuri, vijana ndio walioanza. Angeweza kusema kama wote pale kambini, hatukuambiwa. Wale wakaza wana walikuwa wakitazama miguu yao, mmoja anatetemeka mabega kwa kicheko.

"Nilipiga," mama akasema. "Niliambiwa vizuri, nikasikia nilichokitaka. Mbegu ya kaka yako imekwisha kwa mkono wangu. Nimekuja kuomba."

Shangazi alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi zaidi, ilionekana. Kisha akamtuma mtu alete ngazi. Alitupa kibuyu kimoja, si kikubwa, na alikitikisa kwanza sikioni kuona kama hakutoa kilichojaa kuliko vyote. Akasema atataka kirudi, na nta yake. Punje zilikuwa zile zile, fupi, nyekundu kidogo.

Njiani mama alikibeba mwenyewe, kifuani, hakutaka nimsaidie. Tulipolipita shamba la mwisho la Ndera, akatema mate kando ya njia.

"Bahili mkubwa yule," akasema.

Tukaendelea kutembea.

"Mungu amweke," akasema, akaongeza mwendo, maana jua lilikuwa linapanda na tope halingengoja.